Tulieni, Mnapigwa Video

Watu wa Msangano wanajua kupigwa picha, na hilo ndilo tatizo langu. Wanajua kwamba mbele ya kamera mtu anasimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, macho kwenye lenzi bila kupepesa, pumzi imezuiwa mpaka kitufe kilie. Walifundishwa hivyo na wapiga picha walionitangulia, wale wa filamu ya picha thelathini na sita, ambao hawakuwa na picha ya kuchezea. Sasa mimi nateremka kutoka Tunduma na kamera ambayo kwa sura ni ya picha, kwa uzito ni ya picha, hata mkanda wake wa shingoni ni wa picha, halafu nawaambia leo inachukua video. Nani ataniamini?

Ushahidi ninao nyumbani kwenye diski ya kompyuta. Ni ukoo mzima wa bwana harusi mmoja: wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki, vijana wamesimama nyuma, watoto wamechuchumaa mbele. Spika inapiga muziki wa kumwinua mgonjwa kitandani. Hakuna anayetikisika. Kitu pekee kinachotembea ni kuku. Anaingia kulia, anawatazama, anatokea kushoto.

"Mama zangu, chezeni tu, hii ni video!" nikawaambia.

"Sawa, mwanangu," akajibu mmoja bila kufungua meno, asije akaharibu picha. "Wewe piga kwanza, ukimaliza tutacheza."

"Nimeshaanza kupiga, mama."

"Na sisi ndiyo maana tumetulia."

Nilipozima kamera wakacheza mpaka vumbi likafunika wazee. Nilipoiwasha tena, wakarudi kwenye mistari yao, kila mtu pale pale alipokuwa.

Siwalaumu. Kamera hizi zenyewe hazikuzaliwa na video. Nikon walitoa D90 mwaka 2008, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza katika ukoo wake kuchukua picha zinazotembea. Mwezi haukuisha, Canon nao wakatangaza 5D Mark II, yenye video safi kuliko ile. Hadi hapo mtu aliyetaka video alibeba mkebe mkubwa begani na kanda ndani yake, na kwa kweli mkebe ule ulikuwa na heshima. Ulipoingia nao ukumbini watu walipisha njia. Siku hizi ukiingia na kamera ya shingoni, mjumbe wa kamati ya harusi anakuuliza, "Hii ndiyo ya video tuliyolipia, au ile kubwa inakuja nyuma?"

Mwaka 2010 watayarishaji wa tamthilia ya House kule Marekani walirekodi kipindi cha mwisho cha msimu kwa 5D Mark II, na habari hiyo ikasambaa hadi kwetu. Sijakutana na kameramani wa harusi kati ya Tunduma na Mbeya asiyewaambia wateja kwamba kamera yake "ni ile ya Hollywood". Tusichowaambia ni kwamba kule kuna mtu analipwa mshahara kwa kazi ya kuzungusha fokasi tu, asubuhi mpaka jioni. Mimi nina mpwa wangu. Anashika stendi, mwavuli, begi na waya, na mkono unaobaki huru anautumia kula. Na kamera yangu si hiyo ya tamthilia. Ni mdogo wake wa mwisho, tena mtumba, niliyouziwa na mpiga picha wa mjini aliyeacha fani akaingia kwenye spea za malori. Nilipomuuliza kwa nini anaacha, alisema lori halina shangazi. Sikumwelewa siku hiyo.

Msangano ni kata ya wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Tunduma asubuhi ya Juni unavaa koti juu ya sweta. Unapoteremka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa unaanza kuvua kimoja kimoja, na ukifika chini umebaki na fulana, nayo unaitazama kwa jicho baya. Ni nchi ya Wawanda na Wanyamwanga, ya mpunga na ufuta, na siku hizi ya ng'ombe wengi wa ndugu zetu Wasukuma. Mazao yakishauzwa, harusi zinafuatana, na simu yangu inaanza kuita.

Wateja wanaanza na bei. Nilikaa na kamati moja chini ya mwembe, nikataja kiasi changu, nikaeleza ubora wa kamera, nikagusia na Hollywood. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Kijana, kimondo cha Ivuna kilidondoka mwaka 1938. Kulikuwa na kameramani?"

"Hapana, mzee."

"Na hakijulikani?"

Kinajulikana, ndiyo shida. Kilidondoka Desemba 16, 1938, humu humu Momba, mabaki yake hayafiki hata kilo moja, na wanasayansi wa dunia nzima wamelipatia kundi zima la vimondo jina la Ivuna. Jambo kubwa kuliko yote kuwahi kutokea wilayani lilipita bila mtu wa kulirekodi, na sifa yake haikupungua hata chembe. Ningejibu nini? Nilipunguza bei.

Siku ya harusi kazi ilianza na msafara wa kwenda kumchukua bibi harusi. Nilipanda bodaboda, nikageuka ubavu, nikarekodi magari na kijiji kikipita. Hapa inabidi nieleze kitu kidogo cha kiufundi. Ndani ya kamera hizi hakuna jicho linaloona picha nzima kwa mara moja. Kihisi kinasoma mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, haraka lakini si papo hapo. Ukiwa unakimbia, mstari wa juu unauona ukuta ukiwa hapa na mstari wa chini unauona ukiwa umeshasogea. Kwa hiyo ukuta unalala. Kwenye video yangu Msangano nzima imelala upande mmoja: nyumba, miti, nguzo, na mnara wa simu.

Mimi sikuona ubaya, nikadhani hata inapendeza. Baba mdogo wa bwana harusi, ambaye ni fundi mwashi, aliona ubaya. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka barabarani.

"Rudisha," aliniambia tulipokuwa tunatazama. Nikarudisha. "Simamisha hapo." Nikasimamisha. Akaisogelea kompyuta mpaka pua ikagusa. "Nyumba hii niliijenga kwa timazi."

"Nyumba haina kosa, baba mdogo. Ni kamera inavyosoma, mstari wa kwanza..."

"Kwa timazi," akarudia, na akawatazama wateja wake wawili waliokuwa wamekaa sebuleni. Nilimwahidi kuiondoa. Nimeiondoa.

Katika msafara huo huo kundi la ng'ombe lilikatiza barabara, likaingia katikati ya gari la bwana harusi na basi la wazazi, na kwa kuwa lilikuwa linaelekea upande wetu, likatembea nasi kipande kizuri cha njia. Niliendelea kurekodi, maana picha ilikuwa tamu: vumbi, jua la asubuhi, pembe. Miezi miwili baadaye baba wa bibi harusi aliitazama video hiyo kwa utulivu mkubwa, kisha akauliza kwa nini upande wa mwanamume ulilia wakati wa mahari kwamba mifugo imekwisha, ilhali hapa wanaonekana wakisindikizwa na ng'ombe wa kutosha. Mpaka leo sijui suala hilo liliishia wapi. Mimi nilichukua nusu ya pili ya malipo yangu, nikaondoka.

Kanisani nako kuliniumiza. Kamera hizi zina kimaiki kidogo, vitundu viwili vitatu hivi karibu na lenzi, kilichowekwa ili mtu asije akasema hakipo. Kina tabia ya kujirekebisha chenyewe. Pakiwa na kelele kinajishusha; pakiwa kimya kinajipandisha, na kadiri kimya kinavyozidi ndivyo kinavyozidi kutega sikio. Wenye fedha wanachomeka maiki ya nje na kuizuia tabia hiyo kwenye menyu. Maiki yangu ya nje ilikuwa na waya uliotafunwa na panya.

Mchungaji akamuuliza bibi harusi kama anakubali. Sasa bibi harusi aliyelelewa hajibu papo hapo. Akijibu upesi, wakwe watasema alikuwa na haraka. Akainamisha kichwa, akaweka kituo. Kanisa zima likanyamaza, na kile kimaiki kikafungua masikio yote. Kwenye rekodi unasikia mashine ya kusaga kutoka mbali, unasikia mbuzi, unasikia tumbo la mtu ambaye hakunywa chai asubuhi, halafu unasikia sauti ya kunong'ona, karibu sana, nzito, ya mwanamume: "Chapati yangu umekula wewe?"

Na hapo hapo bibi harusi anajibu, kwa unyenyekevu, machozi yakimlenga: "Ndiyo."

Vigelegele.

Nimejaribu kuikata ile sauti kwa kila programu niliyonayo. Haikatiki bila kukata na ndiyo yenyewe, na harusi isiyo na ndiyo itazua maswali makubwa kuliko chapati. Naambiwa mama mkwe alimwita binti pembeni akataka kujua ni chapati gani inayozungumzwa.

Tulipotoka nje kwa ajili ya picha za bustanini (bustani ilikuwa ni mwembe ule ule wa kamati), jua la saa saba lilikuwa utosini. Kamera hizi zina kioo ndani kinachopeleka picha kwenye kitundu cha jicho, na ndicho kinachowafanya wapiga picha wazipende. Ukiwasha video, kioo kinanyanyuka na kubaki juu, kitundu kinakuwa giza tupu. Inabidi utegemee skrini ya nyuma. Na jua la Msangano likipiga kwenye skrini hiyo, huoni bibi harusi wala bwana harusi. Unajiona wewe mwenyewe, umesawajika.

Nikaazima kanga kwa shangazi mmoja, nikajifunika kichwa pamoja na kamera. Ndani ya kanga mambo yalikuwa mazuri, picha ilionekana, ila joto lilikuwa la kuivisha muhogo. Nje nikasikia bibi mmoja anauliza, "Huyu kijana anajifukiza saa hizi?" Mwingine akamjibu kwamba huenda amepata mafua ya Tunduma, baridi ya kule si ya kawaida. Watoto nao walipogundua kuwa chini ya kanga kuna televisheni ndogo, wakaanza kuingia mmoja mmoja. Mara nikajikuta na vichwa vinne vikigombea skrini, kimoja kikitoa maelekezo: "Sogeza kule, Mjomba, koti la kaka halionekani."

Lakini yote hayo ni madogo ukilinganisha na fokasi. Kwa picha za mnato unabonyeza nusu, inalia pii, unapiga, umemaliza. Kwa video, kamera za umri wa yangu zikishalenga umbali fulani zinabaki pale pale, na anayesogea hatua mbili anaingia kwenye ukungu. Ukiibonyeza ilenge upya, inaanza kwenda mbele na nyuma ikitafuta, lenzi ikikoroma, na mkoromo huo unarekodiwa na kile kimaiki nilichokwisha kukisema. Kuna kamera mpya zinazomfuata mtu zenyewe bila kuambiwa. Zipo, nimeziona dirishani.

Bibi harusi aliingia ukumbini kwa mwendo wa hatua mbili mbele, moja nyuma, taratibu, na wapambe wake. Nilimlenga vizuri mlangoni. Akaja mbele, akapotea kwenye ukungu. Akarudi nyuma, akaonekana. Akaja mbele tena, akapotea. Katika video ya kuingia kwake, sura yake inaonekana barabara kila anaporudi anakotoka, jambo ambalo si salama kulionyesha upande wa bwana harusi.

Kisha akaja shangazi. Kila harusi ina shangazi huyu, na ndiye yule aliyemtoa kwenye fani mtu aliyeniuzia kamera. Alikuja kumtuza mtoto wake noti za elfu mbili, moja moja, paji la uso, bega, mkono, akicheza, akasimama sawasawa kati yangu na maharusi. Kamera, ambayo mchana kutwa ilikuwa imekataa kumlenga mtu yeyote, ikamlenga yeye. Mgongo wa shangazi umetoka vizuri sana. Unaweza kuhesabu uzi. Unaiona zipu ilipokwama na pini aliyoisaidia nayo. Ikitokea siku moja nikaombwa kazi ya mfano, nitapeleka mgongo ule.

"Shangazi, naomba unipishe kidogo," nilisema.

"Nimpishe nani? Mimi ndiye niliyemlea."

Karibu na saa tisa skrini ikaonyesha alama ya kipimajoto. Kitabu cha kamera hizi kinasema mwisho wake wa kazi ni nyuzi 40 za joto, na bila shaka walioandika waliona wameacha nafasi ya kutosha. Mama mmoja wa jikoni alikuja akaitazama, akaigusa kwa nyuma ya kiganja, akasema ina homa. Nikamwonyesha alama. Akashangaa kuwa imekubali yenyewe. Akaenda, akarudi na ungo, akaanza kuipepea huku akinigombeza: "Hata ng'ombe wa plau hupumzishwa, wewe tangu asubuhi unaikimbiza tu." Waalikwa wakadhani ni sehemu ya sherehe, wawili wakaja kuitunza kamera noti. Mpwa wangu alizipokea kwa niaba yake.

Tulipoingia kwenye hotuba, nikafika kwenye jambo ambalo hakuna ungo unaoweza kulisaidia. Memori kadi za kamera hizi zinatumia mfumo usioruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4, na kwa video safi hiyo ni kama dakika 12. Zikiisha, kamera za kizazi cha yangu zinasimama zenyewe, kimya kimya, bila kuaga. Baba wa bibi harusi alianza hotuba yake tangu enzi babu zake walipokuwa ng'ambo, upande wa Zambia, ambako Wanyamwanga wapo mpaka leo. Alikuwa anazungumza vizuri, taratibu, kwa majina ya watu na ya mito. Dakika 12 zilipokwisha, mzee bado hajavuka mpaka.

Alama nyekundu ikazimika. Nikanyoosha mkono nibonyeze tena. Mzee, ambaye macho yake ni mazima kuliko yangu, akauona.

"Imekata?"

"Kidogo tu, mzee. Endelea."

"Imekatia wapi?"

"Pale pale, mzee, haina tatizo."

"Hapana," akasema, akakunjua tena karatasi yake. "Maneno ya wazee hayaunganishwi vipande. Naanza upya."

Sitasahau jinsi kamati ilivyonitazama. Mwenyekiti alishika kichwa. Mpishi alionekana mlangoni, akausoma ukumbi, akarudi kuzima moto. Mzee akaanza upya, babu zake wakarudi Zambia, na mimi nikawa natazama saa. Dakika 12 zilipokaribia tena, niliisimamisha kamera mwenyewe alipokunywa maji, nikaiwasha kabla hajaweka bilauri mezani. Tangu siku hiyo hotuba zote nazirekodi kwa kufuata maji. Msemaji asiye na kiu ananiweka roho juu.

Baadaye wakati wa chakula nilimweleza dereva mmoja wa lori wa Tunduma, aliyekuwa miongoni mwa waalikwa, kwamba hata wenye kamera kubwa, zenye kuunganisha faili, nazo zilikuwa zinakatika sekunde moja kabla ya nusu saa: dakika 29 na sekunde 59. Akataka kujua kwa nini isiwe 30. Nikamwambia Umoja wa Ulaya uliweka utaratibu kwamba chombo kinachorekodi mfululizo dakika 30 au zaidi kihesabiwe kuwa kamera ya video, na ushuru wake ulikuwa mkubwa kuliko wa kamera ya picha. Watengenezaji wakaona bora waikate sekunde moja kabla, ipite mpakani ikiitwa kamera ya picha.

Kwa mtu wa mahali pengine ningehitaji kueleza tena. Huyu amezeeka kwenye foleni za mpakani, Tunduma na Nakonde. Aliweka kijiko chini, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kumbe na kamera nazo zinapita njia za panya!"

Usiku umeme ukakatika, jenereta likaingia kazini, na bibi harusi akaota mistari. Ni mistari myeusi mipana inayopanda taratibu kutoka kiunoni kwenda kichwani, kisha inaanza tena. Taa zinawaka na kufifia kwa kufuata umeme, na umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera ya mtumba iliyotoka nchi ya mizunguko 60 inakuja na mpangilio wa huko, na hapo inagombana na taa. Dawa yake ipo kwenye menyu, ni kuchagua mfumo wa picha 25 kwa sekunde, na nilikwisha kuichagua siku nyingi. Ila jenereta la kukodi halijui habari ya mizunguko 50. DJ akipandisha besi, lenyewe linashusha pumzi. Hivyo mistari ile inacheza na muziki, tena inakwenda na mapigo vizuri kuliko ukoo wa bwana harusi. Mteja mmoja aliniuliza ile "efekti" inaitwaje, akataka na kwenye kipaimara cha mwanawe.

Wakati mimi napambana na mistari, kijana wa kidato cha pili, mdogo wa bibi harusi, alikuwa amesimama nyuma yangu na simu. Hakuwa na stendi wala kanga. Keki ilipokatwa, video yake ilikuwa imeshafika WhatsApp, imewekwa wimbo na kopa, na mama mkubwa aliyeko Dar es Salaam alikuwa ameshapiga simu kulia. Sura zote zinaonekana. "Ndiyo" inasikika, haina chapati. Nimeamua kutomzungumzia zaidi.

Yangu ilichukua miezi miwili, kwa sababu kazi ya mezani ina mambo yake. Kuna memori kadi niliyouziwa barabarani, imeandikwa gigabaiti 64, nayo haikuweza kubeba hata nane. Baada ya hapo ilikuwa inapokea kila kitu kwa ukarimu na haiweki chochote. Humo ndimo ilimopotelea foleni ya zawadi, na watu wengi walikuwa wanataka ionekane wazi nani alileta mbuzi na nani alileta glasi. Kuna maombi ya wateja: njiwa waruke, maua yadondoke, jina la kamati liandikwe kwa dhahabu.

Ombi gumu lilitoka kwa bwana harusi. Kaka yake mkubwa alikuwa safarini na lori, akanasa kwenye foleni upande wa Nakonde, harusi ikampita. Mama yao hakuwa na raha. Je, ningeweza kumtia kwenye video ya ukoo? "Kuna nafasi pale kushoto, karibu na baba mdogo." Akanitumia picha ya pasipoti na nyingine aliyosimama kando ya lori.

Nilimwambia video si picha, mtu hawezi kubandikwa tu, wenzake wanatembea. Halafu nikaifungua ile video ya ukoo nikaitazama tena. Nikamkata kaka yake kwenye ile picha ya lori, nikambandika kushoto, wima, mikono ubavuni, kidevu juu. Hakuna aliyegundua. Mama alimwona, akapiga kigelegele, na watu watatu wa ukoo huo wamekwisha kuniapia kwamba walisimama naye siku hiyo na wakazungumza.

Msimu wa mavuno unakaribia na kamati zimeanza kukaa, kwa hiyo nina ombi kwa wenyeviti wa Msangano na jirani zao wote wa Momba. Mzungumzaji mkuu awekewe maji mengi mezani. Jenereta lipimwe kabla ya DJ kufika. Na chakula cha kameramani kitengwe mapema. MC anakula, DJ anakula, dereva aliyeleta viti anakula. Kameramani anaambiwa atakula baadaye, kwanza arekodi wanaokula. Nina saa nyingi za watu wakitafuna, na baadaye hiyo nikifika jikoni nakuta masufuria yameshalowekwa. Kwenye bajeti msiandike sahani moja. Andikeni mbili, maana mpwa wangu asipohesabiwa na kamati, anajihesabu mwenyewe kwenye ya kwangu.